Nane Iliyobanduka

Ukumbi Mkuu, chini ya ngazi
Jumatatu, tarehe 1

Dada yangu,

Hapana, sijakamatwa. Huyo aliyekuletea habari kwamba nimeonekana naongozana na askari wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, ameona vizuri ila ameelewa vibaya. Katikati yetu kulikuwa na ngazi ya mbao ya futi ishirini. Walikuwa wananisaidia kuibeba! Mwambie shemeji apunguze macho, aongeze akili.

Habari yenyewe ni hii: nimepata kazi Chuo Kikuu. Usicheke. Ni chuo chako, kile kile ulichokipigia deki miaka thelathini na tatu. Wanafanya jubilei ya miaka mia, Jumamosi tarehe 27, na mwenzio ndiye fundi wa jiwe la msingi. Lile jeusi, kulia kwa mlango mkubwa: CHUO HIKI KILIANZISHWA MWAKA 1878. Nilisafishe, niling'arishe, nijaze rangi ya dhahabu kwenye kila herufi.

Msajili aliniuliza nimesomea wapi herufi. Nikamwambia kwenye mabango ya vinyozi, mheshimiwa. Akakunja uso, akaanza kunieleza: "Hapa hatumfundishi mtu kazi moja. Tunamfundisha awe mtu. Historia, lugha, falsafa, muziki, nyota, hesabu, vyote kidogo kidogo." Nikamwambia, basi mimi ni mhitimu wenu, maana nimekuwa kinyozi, muuza miwani, mchora mabango na mchonga mawe, vyote kidogo kidogo. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Nikamwambia na miwani nazirekebisha.

Sasa kaa chini kama umesimama. Msajili aliuliza ni nani amelitunza lile jiwe miaka yote hiyo. Mpishi, askari wa lango, mwandishi wa mashine, wote kwa mdomo mmoja: "Mama Ndoo!" Kwa hiyo kitambaa cha jiwe siku hiyo hakivutwi na waziri wala tajiri. Unakivuta wewe, mbele ya watu elfu moja. Kadi yako iko ndani ya bahasha hii, ina kingo za dhahabu, usiifanye kifuniko cha mtungi.

Jibu haraka, dereva wa lori la mbao anapita huko kila baada ya siku tatu.

Nduguyo,
Tindo


Ijumaa, tarehe 5

Tindo,

Barua imefika. Kadi imefika. Waambie asante, lakini siji. Goti linaniuma.

Hilo jiwe unalisafisha kwa kitu gani? Tumia maji na kitambaa laini, basi. Usitie dawa, usipige brashi ya waya. Mimi nimelifuta miaka yote kwa maji na likang'aa. Pale kwenye mwaka usiguse kabisa. Rangi ya dhahabu weka kwenye maneno, namba ziache kama zilivyo. Waambie ndiyo mtindo wa zamani.

Kama hujaanza, mwachie fundi mwingine. Wewe mabango yanakutosha.

Hapa wote wazima.

Dada


Jumatatu, tarehe 8

Dada mpenzi, dada wa pekee, dada asiye na mfano,

Goti! Goti hilo lilipanda ghorofa nne na ndoo mbili kwa miaka thelathini na tatu, leo linashindwa kuvuta kamba? Kamba inavutwa kwa mkono, dada. Au kama ni viatu, sema.

Kazi inakwenda vizuri sana. Vizuri mno. Nimelifunika jiwe kwa turubai kwa ajili ya vumbi. Vumbi limezidi siku hizi. Hata wewe ungeliona ungesema, hili vumbi, mh!

Nina swali, si langu. Kuna rafiki yangu, naye ni fundi, kijana mzuri, sura nzuri, mchapakazi, ila hana bahati. Alipewa jiwe alisafishe, la watu wakubwa. Akaweka tindikali kijiko kimoja tu kwenye ndoo ya maji, kama tunavyofanya sote, akasugua taratibu kama anaosha mtoto. Ghafla namba ya mwisho ikacheza. Namba, dada! Ikabanduka kama kigaga cha kidonda, ikamwangukia kiganjani. Nane nzima. Na chini yake kuna namba nyingine, imechongwa ndani kabisa, kingo zimemeguka lakini inasomeka. Tatu.

Huyo rafiki anasema anaelewa kilichotokea. Fundi wa zamani alikosea, akachonga tatu, akashtuka, akaziba, akachonga nane juu yake. Sisi mafundi tunafanya hivyo, usimwambie mtu. Kwa hiyo nane ndiyo ya kweli, na rafiki yangu ndiye ameibandua. Jambo moja tu linamsumbua. Alikinusa kile kipande, akasikia harufu ya nta ya sakafu. Dada, jiwe la miaka mia, nta ya sakafu imetoka wapi?

Na kando ya mlango kuna tangazo lililobandikwa: ATAKAYEHARIBU KUMBUKUMBU YA CHUO ATASHTAKIWA. Rafiki yangu alimuuliza askari wa lango kwa utani, "Afande, ukishtakiwa unapata nini?" Askari akajibu huku anatafuna njugu, "Miaka saba." Njugu hata hakuziacha.

Huyo rafiki halali, hali. Jana alipaka dahabu herufi moja mara tatu. Na mimi namwonea huruma sana.

Tindo

Naona nimeandika dahabu. Ni mkono wa huyo rafiki.


Alhamisi, tarehe 11

Tindo,

Huna rafiki fundi. Mafundi wote umekosana nao.

Nisikilize kama nilivyokuwa nakuambia ukiwa mdogo usiguse jiko. Funga vifaa vyako leo. Mwambie Msajili umeugua, mwambie umefiwa, mwambie lolote, mdomo unao. Panda lori la mbao uje huku. Usilitazame tena hilo jiwe. Usichonge kitu, usizibe kitu. Kile kipande kitupe chooni.

Usiniulize kwa nini. Hilo si lako.

Barua yako nimeichoma. Choma na hii.

Dada


Jumatatu, tarehe 15

Dada,

Sikuchoma. Nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo. Tangu lini unamwambia mtu adanganye? Wewe uliyenirudisha dukani nikiwa mtu mzima, kisa nimezidishiwa chenji? Sasa ndiyo umeniogopesha. Nilikuwa naogopa tindikali na askari, sasa nakuogopa na wewe.

Kukimbia siwezi. Nikiondoka turubai litafunuliwa, na jina langu liko kwenye daftari la lango, nimesaini mwenyewe kwa mbwembwe na mkia chini. Na kila mahali sasa hivi ni mwaka huo tu. Mabango kumi na mawili yameandikwa 1878. Vikombe mia sita, 1878. Keki inachorwa, 1878. Wameniwekea na maonyesho ya historia ukumbini: picha ya walimu wawili wa kwanza na wanafunzi kumi na mmoja mbele ya ghala la kamba, maana chuo kilianzia kwenye ghala la kamba, ulijua? Hawakuwa na madawati, walikalia marobota. Mwanamke wa kwanza kuhitimu yupo, amekasirika kama wewe. Chini ya kila picha kuna miaka, na yote imehesabiwa kutoka kwenye ile nane.

Nikamuuliza mwandishi wa mashine, huo mwaka mmeutoa wapi, kwenye makaratasi? Akasema, "Makaratasi ya mwanzo yaliliwa na mchwa kabla hata hatujazaliwa. Zamani hakuna aliyehesabu. Kilikuwa chuo cha zamani tu, kama shangazi, huulizi umri. Profesa wa Historia ndiye aliyekuja akausoma kwenye jiwe, akaandika kitabu."

Na Profesa mwenyewe kaja juzi! Kastaafu, macho yamefifia, anatembea ameshikwa mkono na Msajili. Akasimama mbele ya turubai langu.

"Fundi, nataka kulisalimu jiwe langu."

"Limelowa rangi, Profesa. Litakuchafua."

"Vidole hivi vimezoea wino. Sogea."

Nisogee wapi? Akapitisha mkono chini ya turubai, anapapasa herufi moja moja, midomo inacheza. "Moja," akasema. "Nane... saba..."

Nikapiga teke ndoo.

Maji yote yakamwingia Msajili viatuni. Aliruka, dada, mtu mzima na tai yake, karuka kama kuku. Profesa akatoa mkono akacheka. Nami nikaomba radhi, nikafuta viatu, nikafuta soksi, ningefuta mpaka magoti. Wakaondoka. Lakini kabla hajaondoka Profesa alinishika kiganja, akakaa nacho. Akasema, "Mwaka ule niliusoma hapa kwa macho yangu, miaka ishirini na nane iliyopita. Kitabu changu chote kimesimama juu ya hizo namba nne. Nitarudi kuzigusa siku yenyewe."

Kwa hiyo hakuna namna. Nimetafuta saruji nzuri na rangi nyeusi. Alhamisi ya tarehe 25 naziba tatu, nachonga nane kama ilivyokuwa, safi kuliko ya kwanza. Vidole vyake havitajua. Ukinificha unalolijua, mimi naendelea na ninalolijua.

Tindo


Alhamisi, tarehe 18

Ndugu yangu Tindo,

Usichonge nane.

Nimeketi na karatasi hii tangu asubuhi. Binti yangu kauliza mara mbili kama kuna msiba. Nimemwambia nahesabu sabuni.

Ile nane hakuichonga fundi wa zamani. Niliichonga mimi.

Nilikuwa na mwaka wa saba kazini. Nilibeba ngazi kwenda kufuta taa za ukumbi, mguu wa ngazi ukagonga jiwe. Haikuwa kishindo. Ilikuwa tik, kama kikombe. Nikaona kingo za namba ya mwisho zimemeguka, vipande vinamwagika kama makombo ya biskuti. Wiki moja kabla, mwenzangu alifukuzwa kwa kuvunja kioo cha dirisha. Kioo tu. Wakati ule mama alikuwa kitandani na wewe ulikuwa huna hili wala lile. Nikavitia vipande kwenye aproni, nikatundika kalenda juu ya ile namba, watu wakadhani ni agizo la ofisi. Ilikaa pale siku tisa.

Nilijua jinsi ya kuziba. Mafundi wa vigae waliacha saruji nyeupe. Nikachanganya na masizi ya jiko la mpishi, nikaongeza nta ya sakafu ing'ae, nikajaza mpaka sura ya zamani ikafichika. Lakini namba sikuijua. Wewe unakumbuka kwamba sikusoma hata siku moja. Nilijua majina ya mama tu, alivyokuwa anatuchorea kwenye vumbi: moja ni Fimbo, mbili Bata, saba Jembe, nane Mwenye Mkanda. Na ile iliyovunjika nilikuwa naifuta kila siku, naijua kama uso wa mtu. Ilikuwa Matumbo Mawili. Ila kuijua sura si kuichora. Msumari mkononi, saruji inasubiri, sikujua yanaangalia kushoto au kulia.

Nikamwomba mpishi aniandikie barua, nikakuuliza wewe. Ulikuwa umekaa darasani miaka minne. Jibu lako liko humu ndani, nimelitunza. Lisome mwenyewe.

Nilipoiona nilisema huyu si ndiye Mwenye Mkanda? Mbona yuko hapo hapo kwenye jiwe, wa pili? Nikajibu mwenyewe: labda mama alichanganya, huyu kijana amesoma. Nikaamini shule yako kuliko macho yangu. Nikachora ulivyochora.

Wiki tatu baadaye akaja Profesa, wakati ule kijana, na daftari. Nilikuwa nafuta ngazi. Alinukuu mwaka, akanitazama, akaniambia, "Asante mama kwa kulitunza." Nikaendelea kufuta.

Halafu wanachuo wakaanza kutufundisha sisi wafagiaji kusoma, saa ya chakula, chumba namba sita. Ndiko nilikojifunza namba. Siku nilipozijua zote kumi nilikwenda mbio kulisoma jiwe, kwa furaha, kama mtoto. Tindo, kitu cha kwanza nilichokisoma maishani mwangu kilikuwa kosa langu. Na kitabu kilikuwa kimeshatoka, kiko kwenye kila rafu, nakipangusa vumbi mwenyewe.

Miaka ishirini nimejua. Kila mwaka wakisherehekea napata homa, muulize mpishi. Ndiyo maana siku zote nilitumia maji tu.

Sasa wewe unataka kuziba tena. Utaziba leo, atakuja mwingine na tindikali baada ya miaka mia nyingine. Na safari hii hutakuwa umekosea, utakuwa umedanganya. Mimi nilifanya kwa kutojua. Wewe unajua.

Naogopa. Lakini nitakuja. Nitakivuta, na watu wakishapiga makofi nitawaambia wote, pale pale, kwa mdomo wangu. Wakinipeleka wanakonipeleka, sawa. Wewe ulitumwa kusafisha, ukasafisha. Huna kosa.

Dada yako


(Karatasi ya zamani, imekunjwa mara nne, ndani ya barua ya tarehe 18)

Kwa Dada Mkubwa

Salamu sana. Mimi mzima kama chuma. Nimepata kazi ya kuchora namba kwenye baiskeli, watu wananiita Fundi ingawa ndevu bado.

Umeuliza namba yenye matumbo mawili inachorwaje. Dada jamani! Hata mtoto anajua. Matumbo mawili si nane hiyo? Tumbo moja juu, jingine chini. Nakuchorea hapa kubwa usikosee:

8

Unaanza juu, unazunguka, unarudi ulikotoka. Ukipata shida ya masomo wewe niulize tu, usione haya. Kichwa changu ni maktaba.

Mdogo wako msomi


SIMU YA MAANDISHI, tarehe 21
KWA DADA. USIJE. GOTI LINAKUUMA. TINDO

SIMU YA MAANDISHI, tarehe 22
KWA TINDO. GOTI LIMEPONA. NAKUJA. DADA


Chini ya dirisha lako
Jumamosi, tarehe 27, alfajiri

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi yako mwenyewe, kwa sababu Msajili hanipendi tangu mambo ya viatu, na taa yako nimeiona inawaka. Mimi ni yule fundi wa jiwe, mwembamba, anayepiga mluzi. Siku hizi sipigi.

Nimekuambatanishia barua mbili. Moja ya dada yangu, ambaye nyinyi mnamwita Mama Ndoo, ya tarehe 18. Ya pili ni yangu mwenyewe, ya zamani sana, imenyauka, ina nane kubwa katikati. Tafadhali soma ya dada kwanza, halafu yangu. Mimi nilizisoma hivyo, na tangu siku hiyo sijafanya mzaha na mtu mpaka leo hii, na leo nafanya kwa sababu meno yanagongana nisipoongea.

Sasa umeshajua. Chuo chako hakikuanza 1878. Kilianza 1873. Nimekaa na lile jiwe siku tano kwa taa na maji, nimeling'oa kila punje ya saruji, nimepitisha kucha kwenye ule mfereji. Ile tatu imechongwa na fundi yule yule aliyechonga zile namba tatu za kwanza, kina kile kile, mkono ule ule. Mimi kusoma ni shida lakini mkono wa fundi naujua. Profesa akija, mpe aguse mwenyewe. Sitapiga tena ndoo.

Sikuziba. Saruji ninayo hapa kwenye kopo, na ingechukua saa moja. Jana nilishika tindo mara mbili. Nikaona nikiziba, dada atavuta kitambaa, atawaambia watu ni tatu, na jiwe litamwita mwongo mbele ya watu elfu moja. Nikaliacha wazi.

Basi linaingia saa mbili. Atakuwa na gauni la bluu na atakataa kusaidiwa begi. Sherehe ni saa nne. Akisema anayotaka kuyasema pale mbele, kwenye spika, na wageni wamekaa na vikombe vyao vya 1878, najua mambo yanavyokwenda: mtu ataona aibu, mwenye aibu atamtafuta wa kumkasirikia, na wale vijana wa ulinzi watamshika mkono mwanamke wa miaka sitini na mbili aliyewafutia ngazi wasiteleze. Hilo ndilo ninaloliogopa. Miaka saba yangu mimi naweza, mle ndani kutakuwa na nywele za kunyoa. Yeye ameshafungwa ishirini.

Kwa hiyo mimi mfanyabiashara nimekuja kufanya biashara. Nisikilize, hii ni bei ya asubuhi.

Askari wa lango ameniambia habari za wale wenzenu, chuo cha ng'ambo ya mto. Wao walianza 1875, sivyo? Eti kila mwaka kwenye hotuba yao wanawaita nyinyi "mdogo wetu", watu wanacheka, na wewe unakaa kwenye kiti cha wageni unatabasamu huku taya limekaza. Mheshimiwa, piga hesabu. Hii si tatu tena, ni utukufu! Nyinyi ndio wakubwa wao, kwa miaka miwili. Wiki ijayo unaweza kwenda kuwasalimia, wao wakasimama.

Utasema mabango yameshachorwa. Kufanya nane iwe tatu ni kufuta ubavu wa kushoto tu. Nimeshafanya mabango kumi na moja tangu usiku wa jana, la kumi na mbili liko juu ya paa na mimi nina kizunguzungu. Kikombe nimejaribu kimoja kwa msasa laini, nimekiweka mlangoni pako, kiangalie. Keki mwachie mpishi, yeye na kisu chake wanajuana. Utasema kitabu. Profesa ni mtu wa historia, mwambie historia imemletea mlango mpya nyuma ya kabati. Mtu wa namna yake nadhani atalia kwanza halafu ataomba kalamu. Na utasema watu watacheka kwamba tumekosea kuhesabu miaka mia. Waambie ukweli: kwamba kosa hili liliingia kwa mikono ya watu wasiojua kusoma, na limetoka kwa mkono wa mtu aliyefundishwa kusoma humu humu, chumba namba sita, saa ya chakula, na wanafunzi wenu. Mimi sijui falsafa, lakini kama chuo hakikuwepo kwa ajili ya hilo, basi rudini kwenye ghala la kamba.

Mkataba ni huu. Wewe ushuke lango kuu saa mbili, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Umpe kiti na maji. Umwambie umeshajua, ili asilazimike kuanza yeye, maana pale pa kuanza ndipo panapomuua. Halafu umwache avute kitambaa chake kama kadi ilivyosema. Kama lazima pawe na mkosaji, yule aliyechora nane ni mimi, ushahidi umeushika mkononi, umeandikwa kwa mwandiko wangu na umesainiwa "msomi".

Mimi nimesimama hapa chini, karibu na turubai. Ukikubali, fungua dirisha lako la kushoto, lile la kioo cha kijani. Huna haja ya kusema kitu. Likibaki limefungwa mpaka saa mbili kasoro robo, nitakwenda mwenyewe kwa askari wa lango nikampe mikono, ili basi likifika wawe wameshapata mtu wao.

Hakuna chuo duniani kilichowahi kuamka asubuhi kikapewa miaka mitano bure. Nakupa mitano yote, haina deni wala riba. Wewe nipe dada yangu.

Tindo, fundi